Ndimu Isiyo na Mti

Daktari alilipima kwa picha: milimita saba.
Mimi nimebeba lami tani arobaini
kutoka Sohar hadi Ibri, Agosti, kiyoyozi kimekufa,
na sikulia. Hili la milimita saba
lilinilaza chooni, kwenye sheli ya Al-Khabura,
shavu juu ya vigae, namwita mama
aliyeko Pangani na simu yake haina chaji.

Kosa langu nalijua.
Dereva wa lami hanywi maji, huyahesabu:
ukinywa utasimama, ukisimama utachelewa,
ukichelewa msimamizi anakata riyali mbili.
Basi nilikunywa karaki, kikombe baisa mia,
tamu, nzito, na jua likanikausha
kama wanavyokausha ndimu za huku:
huchemshwa kwa maji ya chumvi, zikaanikwa juani
hadi ziwe nyeusi, nyepesi,
ukizitikisa zinalia.

Dirisha la dawa, zahanati ya Saham, saa nne usiku.
Jina kifuani kwa Kiarabu, nikalisoma kwa kuburura: Rayya.
Nikaandaa Kiarabu changu cha vidole.
Akanitazama, akasema, "Unakojoa vipi?"
Kiswahili cha Wete, cha bibi yake,
kisicho na haya wala haraka.
Nilitaka kucheka, jiwe likanikataza.

Akapanga pakiti mezani.
"Sitreti ya potasiamu. Ni asidi ya ndimu hii,
ila imeshaolewa.
Ikiwa peke yake ina mikono mitatu na ugomvi mwingi.
Ikishikana na potasiamu inatulia, inakuwa chumvi.
Ukiinywa, itamwahi kalsiamu njiani
kabla hajakutana na fundi mwenzake.
Wasipokutana, hapajengwi."
"Na hili lililokwisha kujengwa?"
"Hilo litatoka kwa maji na subira.
Dawa ni kwa ajili ya wadogo zake."

Nikauliza swali la mtu wa pwani:
kama ni ndimu, si nikanunue sokoni, nikamue?

Akaacha kuandika.
"Ndimu zipi? Babu alikuwa na miti mia tatu
pale zinapouzwa bampa za magari.
Mwaka mmoja matawi yakaanza kuchipua vijiti,
vyembamba, vimesongamana, havizai.
Ufagio wa mchawi, ndivyo ugonjwa ulivyoitwa.
Mchawi mwenyewe kidudu kidogo kuliko chawa.
Tulikata, tukachoma. Moshi ule ulinukia vizuri, nakwambia,
mpaka majirani wakauliza tunapika nini."

Akagonga pakiti kwa ukucha.
"Hii haikuwahi kuona mti.
Kiwandani, ndani ya mapipa, kuna ukungu mweusi,
unalishwa sukari, unatoa ukali ule ule.
Hakuna tofauti hata ya chembe."
Hata ya chembe, alirudia,
kama mtu anayesoma hesabu asiyoipenda
na ambayo imetoka sawasawa.

Nilikoroga ya kwanza juu ya bodi ya gari.
Ukali uliokatwa kucha.
Nyuma yake chumvi, si ya kukoleza mchuzi,
chumvi ya kazi.
Nikashushia na lita nzima ya maji,
nikasimama Suwaiq, nikasimama Barka,
nikasimama mahali pasipo na jina, ngamia akinitazama.
Riyali mbili, riyali mbili, riyali mbili.
Nimekuwa maskini anayekojoa kama tajiri.

Siku ya tisa likatoka. Liligonga mkebe: ti.
Lina miba, rangi ya tende iliyosahauliwa.
Nililifunga kwenye karatasi nikampelekee Rayya.
Amehamishiwa Rustaq.
Dirishani yupo kijana wa Kerala, mpole.
Tuliongea kwa vidole, akanipa pakiti nyingine.

Jiwe liko kwenye kopo la sarafu, kando ya gia.
Kona za kuingia Ibri linatikisika, linalia,
nami nafungua chupa.